Safu ya Nyumba za Kina Mama Imeangukia Kwenye Kiungo

Mhariri, jina langu lifiche, na la ofisi pia. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na mmoja, naishi Buruburu. Kazi yangu ni kuunganisha picha zinazopigwa na ndege. Nazikata kwa wembe, nasugua kingo kwa msasa upande wa nyuma mpaka karatasi iwe nyembamba, nabandika kwa gundi. Nikimaliza huwezi kujua picha moja inaishia wapi. Nasifiwa sana kwa hilo.

Sasa tunatengeneza picha ya Mathare. Tumeambiwa kwamba nyumba itakayoonekana humo, mwenyewe atafikiriwa kupewa ploti. Mama yangu anaishi kule chini karibu na mto, na ni mimi niliyempa habari kwamba ndege itapita. Siku hiyo yeye na majirani walitandaza mashuka meupe juu ya mabati, ati wasikose kuonekana. Nilicheka. Lakini mashuka yako kwenye picha, madogo kama punje za mchele.

Shida ni kwenye kiungo, pale picha mbili zinapokutana. Barabara iko juu, nyumba ziko bondeni, na kila picha imeziona kwa pembe yake. Nikilinganisha barabara, safu ya nyumba za kina mama inatokea mara mbili, au nikate isitokee kabisa. Nikitaka itokee mara moja, barabara inavunjika.

Nilimwita bosi, akaja na kikombe chake cha chai.

"Zikionekana mara mbili watasema tunazidisha watu," akasema. "Na barabara ikivunjika, kazi yote inarudishwa. Toa hiyo laini ya mabati."

"Lakini kuna watu wanaishi hapo, bosi."

"Watu wako kila mahali, madam. Barabara ni moja."

Sikumwambia ni kwa mama. Angesema napendelea, ampe mwenzangu wembe. Nilingoja nikasirike, hasira haikuja. Nimekuwa kama jino lililodungwa ganzi. Napika, nafua, naitikia salamu, sisikii kitu. Mume wangu ananiuliza kama ni malaria.

Jumapili mama alikuja na sukuma wiki ya shambani kwake kando ya mto. Alikuwa na furaha.

"Watu wa kwetu wametulia, mwanangu," akaniambia. "Nimewaambia picha iko mikononi mwa binti yangu. Nani atatuonea?"

Nikamwongezea chai.

Mwisho wa mwezi kazi hii itapigwa picha upya iwe kitu kimoja, na hapo hakuna atakayejua kulikuwa na safu. Nikivunja barabara nitafukuzwa, na mwingine atakata tu. Nikikata, nimekata mama. Naye ameshaniomba nakala ya kupeleka kanisani, kila mtu aweke kidole kwenye paa lake.

Wenzangu, nishaurini. Nifanye nini kabla kina mama hawajaanza kutafuta mapaa yao?