Salamu za Mkwe Ghalani

Rogasian aliendesha foklifti miaka sita katika ghala la kahawa huko Isingiro, wilayani Kyerwa, na miaka yote hiyo hakuwahi kumbeba mtu kwenye meno ya mashine wala kukata kona mzigo ukiwa juu. Makuli walimtania kwamba hata kuoa alioa kwa mwendo wa taratibu. Kila aliposhuka, hata kama anakwenda msalani tu, kwanza aliteremsha meno mpaka yakagusa sakafu, akavuta breki ya mkono, akazima injini na kuchomoa ufunguo. Alijivunia jambo hilo, na haki ya kujivunia alikuwa nayo.

Ikaja Jumanne moja ya mwezi wa saba, msimu wa kahawa umepamba moto. Alikuwa ameinua magunia kumi ya kahawa ya maganda, anasubiri lori lirudi nyuma, alipomwona Mama Kokubanza, mama wa mke wake, akiingia langoni na wenzake wa Bugomora walioleta kahawa yao. Sasa mwambie mtu wa huku amsalimie mkwewe akiwa amekaa kitini juu, miguu yake inaning'inia usawa wa kifua cha mama wa watu! Bora umwambie atembee uchi sokoni. Na mama mwenyewe alishasimama, kanga ameiweka sawa, anasubiri. Rogasian akaruka chini. Meno yalibaki juu, injini inanguruma, na breki ya mkono hakuivuta.

"Shikamoo, Mama," alisema, kichwa ameinamisha.

"Marahaba, mwanangu. Wa nyumbani hawajambo?"

Hata habari za watoto hawakuzifikia. Uwanja ule una mteremko kidogo kuelekea kwenye mizani, na mashine ilianza kutambaa yenyewe. Nestory, kuli mcheshi kuliko wote, alikuwa ameinama anafunga gunia. Aliposikia watu wanapiga kelele aliruka pembeni, lakini mguu wa kushoto ulichelewa. Gurudumu likapita juu ya unyayo wake.

Msimamizi alikuja mbio kuuliza kulikoni, na ulimi wa Rogasian ukajiendea wenyewe.

"Breki, bosi. Breki zimegoma."

Fundi Egbert, aliyezikagua breki hizo wiki iliyopita, alisimamishwa kazi siku hiyo hiyo. Aliapa kwamba ni nzima, lakini nani angemsikiliza fundi mbele ya dereva asiye na doa? Rogasian alipishana naye mara mbili njiani, na mara zote mbili alijifanya anatafuta kitu mfukoni. Chakula kilimshinda. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu akwepe hata macho ya mke wake. Kusema nako kulikuwa aibu, basi alichagua ile ambayo watu hawaioni.

Siku ya tisa alikwenda kumjulia hali Nestory nyumbani kwake. Alimkuta amelala, mguu una plasta mpaka gotini, na kando ya kitanda pana mkungu mzima wa ndizi.

"Mkungu huu kaleta mkweo," Nestory alisema. "Alipiga magoti hapo mlangoni, waitu, ndugu yangu, mama wa miaka sabini, mbele yangu mimi kuli. Akasema wewe ulishuka kumpa heshima yake, kwa hiyo mguu huu kauvunja yeye. Namwambia inuka, hataki."

Rogasian alihisi uso unamwaka. "Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ni breki. Nilikuona uliposhuka bila kuvuta breki, lakini ningemwambiaje yule mama kwamba mkwewe ni mwongo?"

Rogasian aliondoka hata bila kuaga. Alikwenda moja kwa moja ghalani, akasimama mbele ya msimamizi na makuli wote, mchana kweupe, akasema breki ni nzima, yeye ndiye ambaye hakuivuta ya mkono, na Egbert arudishwe. Hakuna aliyecheka. Msimamizi alinyoosha mkono, naye akamkabidhi ufunguo wa mashine.

Aibu hiyo aliimudu. Iliyomshinda ni ya jioni, alipofika Bugomora kumweleza mkwewe ukweli. Kabla hajafungua kinywa, mama alimtangulia.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Siku nyingine ukiniona nakuja kazini kwako, usinisalimie."