Numisia Hakwenda Langoni

Mtaani kwetu Aventino, hapa Roma, ukitaja nyumba inayonuka, hakuna atakayekuuliza ipi. Ni ya Numisia dobi. Majoho ya wakubwa hufuliwa kwa mikojo, ndiyo inayokata mafuta, na mitungi yake ilikaa kila kona ikiwasubiri wapita njia waikojolee. Wale waheshimiwa waliokuwa wakija kuomba kura majoho yakiwa meupe pe, weupe huo ulitoka kwenye nyayo za Numisia, aliyesimama ndani ya beseni akikanyaga tangu alfajiri. Mumewe alikufa mapema. Alibaki na mtoto mmoja, Vibio, na mimi Opia, jirani aliyetenganishwa naye na ukuta mmoja tu.

Alikuwa mtu wa amri, huyu mwanamke. Askari wa soko akimwambia mtungi usogezwe, anausogeza kabla hajamaliza kusema. Nilikuwa nikimcheka.

"Wewe ukiambiwa usipumue, utauliza mpaka saa ngapi."

"Cheka tu, Opia. Mimi sijawahi kupigwa faini."

Mwaka ambao Hanibali wa Karthago alituchinjia jeshi zima kule Cannae, hapakuwa na nyumba isiyolia. Mume wangu hakurudi. Wakubwa wakatoa amri: wanawake wakae ndani, kilio kisisikike barabarani, na matanga yasipite siku thelathini. Walisema mji ukianza kusikia kilio chake wenyewe utafungua malango na kumkaribisha adui. Huenda walisema kweli. Mimi nilichukia hata hivyo, na mpaka leo nachukia.

Sisi wafiwa angalau tulijua la kufanya, tulivaa nguo nyeusi. Numisia hakujua avae nini. Vibio alikwenda vitani na hakurudi, lakini hakuna aliyemwona akianguka. Kila asubuhi Numisia alishika nguo yake nyeusi, akairudisha sandukuni, akaingia kwenye beseni.

Ndipo walipokuja wajumbe wa mateka. Hanibali aliwaachia vijana wachache waje Roma kuomba wenzao wakombolewe, na wakaapa kwamba watarudi kwake, jibu liwe zuri au baya. Amri au si amri, nilitoka. Wanawake tulijaa pembezoni mwa uwanja mkuu, tukiwanyooshea mikono wazee wa Baraza walipokuwa wakiingia. Nikamdaka mjumbe mmoja kwa vazi lake, kijana aitwaye Kanuleo.

"Vibio, mtoto wa jirani yangu, dobi wa Aventino, unamjua?"

"Namjua. Yu hai, mama. Mzima wa afya."

Nilikimbia mpaka nyumbani na uzito wangu huu. Numisia alitoka kwenye beseni, akakaa sakafuni, miguu ikimchuruzika maji.

"Nitauza beseni," alisema. "Nitauza na nyumba."

"Utauza baadaye. Sasa hivi inuka twende, ukamwone mwenyewe huyo kijana umtume kwa mwanao."

"Tumekatazwa kutoka."

"Numisia, wanawake wa mji mzima wako nje."

"Basi hao ndio watakaotuponza. Wakubwa wakituona hatusikii, watasema hawa hawastahili kurudishiwa watoto. Mimi nitakaa humu humu. Waone kwamba mama yake Vibio anasikia."

Alikuwa anamwombea mtoto wake kwa namna pekee aliyoijua.

Baraza likakataa. Walisema Mroma aliyeweka silaha chini akiwa hai hanunuliwi tena, na ndugu wa mateka nao wakazuiwa kuwakomboa kwa mali yao wenyewe. Kisha wakubwa wakachukua fedha ya mji, tena nyingi kuliko aliyoitaka Hanibali, wakanunua watumwa wenye nguvu na kuwapa mikuki. Watumwa wakawa askari, na askari wetu wakaachwa wawe watumwa. Naambiwa huko ndiko kulikotuokoa, kwamba Hanibali alipolisikia jibu lile alikata tamaa. Hongera zao.

Siku ya wajumbe kurudi, ndugu wa mateka waliwasindikiza mpaka Lango la Kapena. Walipita mtaani kwetu wakilia waziwazi, kila mmoja akimpa mjumbe neno la kumpelekea wake. Nilimvuta Numisia mkono mpaka akafika kizingitini. Hapo akashika mwimo wa mlango.

"Niache, Opia. Wakubwa wanaweza kubadili mawazo kesho. Wasije wakasema nilikuwa miongoni mwa waliofanya fujo."

Nilikaa naye. Tulisikiliza kilio kikishuka mtaa mpaka kikaisha, kisha akarudi kukanyaga.

Hawakubadili mawazo. Miaka ikaenda, na tukaanza kushinda. Tuliichukua Sicilia, tukaichukua Hispania, Karthago ikapiga magoti, na kila ushindi ulileta majoho mengi zaidi ya kufua. Numisia alizeeka miguu ikiwa myeupe, imekunjamana. Ile nguo nyeusi hakuivaa hata siku moja. Nilimwambia alie tu yaishe, akanijibu kwamba aliambiwa yu hai, na hakuna aliyemwambia vingine.

Zaidi ya miaka ishirini baadaye jeshi letu lilirudi na ushindi kutoka Ugiriki. Huko lilikuwa limewakuta mateka wa vita vya Hanibali, waliouzwa na kutumikishwa mashambani. Safari hii Roma ilikuwa na nguvu na ikaweza kuwa na huruma. Wagiriki waliwalipa wenye mashamba, mateka wakaachiwa, wakaletwa kwenye gwaride wamenyolewa vichwa, wamevaa kofia nyeupe za watumwa walioachwa huru. Kofia nyingine zilifuliwa kwa Numisia. Aliosha kila moja taratibu, akiitia ngumi ndani kana kwamba anapima kichwa.

Siku ya gwaride tulisimama mbele kabisa. Walipita, wote vipara, wote wazee kabla ya wakati wao. Alimtazama kila mmoja usoni. Wa mwisho akapita.

Jioni mmoja wao alikuja mlangoni, akauliza kama hapa ndipo kwa mama yake Vibio.

"Yu hai, mama," alisema. "Mzima wa afya."

Numisia akaegemea beseni. "Yuko wapi?"

"Amebaki. Ana mke kule, na watoto. Meli ilipokuja alikataa kupanda."

"Kwa nini?"

Yule mtu alinitazama mimi, kisha akatazama chini. "Kanuleo aliporudi na jibu la Baraza, kila mtu alimuuliza habari za kwao. Mama yangu alifika langoni, alinitumia salamu. Vibio aliambiwa kwamba jirani alikuja kumuulizia. Mama hakuja."

"Tulikatazwa kutoka," alisema Numisia.

"Ndiyo, mama."

"Mwambie tulikatazwa."

"Mimi sirudi tena huko, mama. Nisamehe."

Asubuhi beseni lilikuwa tupu, nikamtafuta mtaa mzima. Nilimkuta Lango la Kapena amevaa joho lake safi, wapagazi wakimsukuma huku na huku kwa mizigo yao. Nilimwambia turudi nyumbani, kwamba hakuna anayeondoka leo.

"Najua," alisema. "Niache nisimame kidogo."

Nikasimama naye.