Gita Lililokaushwa Juu ya Meko

Gita langu la kwanza nililikausha kama mahindi. Babu alikuwa mpigaji wa obokano, kile kinanda chetu cha nyuzi nane, na kila mara kabla ya kupiga alikisogeza karibu na moto ili ngozi ikaze. Basi mimi, kijana niliyemaliza kidato cha nne na kurudi nyumbani kulinda migomba, nikajiona mjuzi. Nikalipandisha gita darini, juu ya meko, likae huko wiki nzima na moshi. Gita halina ngozi. Nililikuta limepasuka tumbo na shingo imepinda. Nililigandisha kwa gundi ya seremala, lakini vidole vikipanda juu kidogo lilipiga kelele kama kuku aliyekanyagwa. Nikabaki na sauti chache nzito za chini, na hizo ndizo nilizojifunza.

Dada yangu alipokuwa anaolewa kule Nyaramba, aliniomba jambo moja tu. Mama yetu alikuwa amefariki, na alikuwa na wimbo wake wa kusagia wimbi.

"Nikitoka mlangoni nataka nisikie ule wa mama," dada alisema. "La sivyo nitaondoka kama mtu asiye na kwao."

Siku yenyewe binamu yetu akatokea Nairobi na gita jekundu la kung'aa na suruali pana miguuni kama sketi mbili. Baba mdogo akakata shauri papo hapo: "Huyu ndiye atapiga. Yule wetu atatuaibisha mbele ya wakwe."

Binamu alijua kupiga, sikatai. Vidole vilitawanyika kama siafu waliomwagiwa maji ya moto. Alilipigia mgongoni, alilipigia kwa meno, vijana wakapiga mayowe. Alipofika kwenye wimbo wa mama aliujaza sauti hadi juu. Shangazi zetu walifungua midomo, wakaifunga. Hapakuwa na mahali pa kuingilia. Dada alisimama mlangoni akinitazama, hasogei.

"Nipishe, ndugu yangu," nikamwambia binamu.

"Utapiga na hilo sanduku la dagaa wa omena?"

"Na hili hili."

"Wewe, keti chini!" baba mdogo akafoka.

"Nitaketi nikimaliza, baba."

Nikapiga kidogo, nikangoja. Mama aliimba hivyo: maneno machache, kisha kimya anapolisukuma jiwe la kusagia, kisha maneno tena. Pale pa jiwe nikapaacha wazi. Shangazi mkubwa akaingia papo hapo na sauti yake ya mikwaruzo, wengine wakamfuata. Dada akajifuta uso kwa kitambaa, akatoka mlangoni kwa mwendo wa jiwe lile.

Binamu alisema nilipiga polepole kwa kuwa gita lilikuwa bovu. Ni kweli kabisa. Lakini baadaye nilipata gita zima, na bado napiga vile vile, na hakuna atakayenikimbiza. Mimi hata sokoni Nyakoe naenda kwa kulazimishwa. Vidole vyangu vina haraka ya wapi?

Jioni ile nilimsogelea jirani yetu, mama mzee wa boma la chini, nikitafuta sifa. Alinitazama kuanzia viatuni.

"Gita hujui, mwanangu. Lakini nikifa, yule wa Nairobi asikanyage kwangu. Njoo wewe na hilo gogo lako."