Filamu Iliyomnyamazisha Charlotte

Kuna Jumamosi moja ya utoto wangu kule Lubumbashi ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na siku hizi inanirudia kila ninapokaa, ndiyo maana sikai mahali pamoja. Kampuni ya mgodi alikofanya kazi baba yangu ilikuwa ikitandika shuka jeupe ukutani na kutuonyesha filamu. Maneno yalikuwa ya Kifaransa, na wengi wetu hatukukijua, kwa hiyo Tonton Anaclet, mdogo wake baba, alisimama kando ya shuka akitufasiria kwa sauti. Siku hiyo filamu ilikuwa yetu sisi wenyewe. Mara baba yangu huyo hapo, kofia ya kazi kichwani, anatoka mgodini akicheka! Tulipiga kelele sote. Tonton akafasiri: "Banasema huyu mutumikaji iko na furaha."

Ilipokwisha nilimkimbilia. "Tonton, film nzuri sana! Papa iko ndani!"

"Papa yako alisema nini, Béa?"

"Hakusema kitu. Alicheka tu."

"Basi umeona meno yake. Meno tulikuwa tunayajua." Alikuwa akikunja waya wa kipaza sauti, hakuniangalia. "Wakikuonyesha muntu na yeye hasemi, uliza ile sauti ni ya nani. Kisha njo uniambie kama film ni nzuri."

Nilinuna mpaka kesho yake. Mtoto akichekelea kitu, hapendi kuulizwa maswali.

Sasa ni mzee, naishi Brussels, karibu na stesheni ya Gare du Nord, na tangu nistaafu kazi ya kutunza wagonjwa nimekuwa mtu wa sinema. Nina kadi ya mwezi, naingia nikitaka. Vijana mnatoka ukumbini mkiwa mmeshika simu, mnagawa nyota. Mimi sina nyota, nina mdomo. Juzi nimeona filamu ya magari yanayogongana mwanzo hadi mwisho, na hakuna hata mmoja aliyeinama kumtazama aliyeumia. Nikatoka. Mtu akianguka unainama, hilo halihitaji chuo. Nimeona nyingine ya wakimbizi, wameipigia makofi kweli kweli, lakini kila Mwafrika ndani yake alikuwa amelowa: kama si maji ya bahari, ni machozi. Hakuna aliyetaniana na mwenzake. Mimi nimetembea na wakimbizi, mwanangu, na njia nzima tulitaniana, la sivyo tusingefika. Lakini ile ya mzee Mfilamandi wa huku Ubelgiji na ng'ombe wake mgonjwa, wawili wasiosema neno, wengine waliguna wakaondoka. Mimi nisiyekaa nilikaa, na nikalia. Yule mzee alikuwa bubu wa asili yake, hakunyamazishwa na mtu, ndiyo tofauti.

Na tofauti hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mdogo wangu Charlotte ana binti, Gracia, yuko mwaka wa mwisho katika shule ya sinema. Baba yake alitaka asome uuguzi. Wameshindana sana nyumbani kwao, na ilikubaliwa kwamba filamu yake ya mwisho ikikataliwa, basi, anaacha. Kabla ya kuipeleka kwa walimu alituonyesha sisi wa ukoo, katika kiukumbi kimoja mtaa wa Porte de Namur. Unajua desturi yetu: mtoto wa familia akifanya jambo, hatuji kuangalia, tunakuja kusherehekea. Kina mama vitenge, mikate ya mafuta kwenye masinia, msemaji wa familia ameshika kipaza sauti kabla hata taa hazijazimwa.

Filamu ilimhusu Charlotte. Mikono yake ikikunja mashuka ya wazee anaowahudumia. Charlotte kituoni, mvua inanyesha. Charlotte dirishani. Fidla inalia, na sauti ya mwanamke, Kifaransa cha vitabuni, inasema juu ya uhamisho, na jeraha, na ukimya wa mama zetu.

Ukimya? Wa Charlotte? Huyo anagombana na televisheni! Ukipanda naye basi, mpaka mnashuka dereva ameshajua jina la mkwe wake. Na ndani ya filamu nzima hakufungua kinywa hata kusalimia.

Taa ziliwashwa, vigelegele, bravo, msemaji analia. Nikamtafuta mdogo wangu kwa macho. Alikuwa amekaa, mkoba magotini, anaitikia kwa kichwa tu kila aliyempongeza. Alikaa hivyo mpaka tukaagana. Hapo niliogopa.

Gracia akanijia mbele ya watu. "Maman Béa, alors? Wewe unaona films mingi. Sema kweli."

Ulimi ulinikimbia mpaka mlangoni, nikaufungia. "Tutaongea nyumbani."

Uso ulimshuka. Ai, mtoto yule, niliona na ikaniuma!

Sikupata raha tena. Nikisema, namvunja moyo binti wiki chache kabla ya kuhukumiwa, na baba yake anapata alichokitaka. Nisiposema, mdogo wangu atabaki bubu mbele ya dunia, na aliyemfanya bubu ni mwanawe. Niliingia sinema, nikatoka kabla matangazo hayajaisha. Nilishuka stesheni bila safari, nikatazama watu wenye safari. Nikapiga simu, nikakata. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema, lakini hawakusema mtu akae na ulimi wake mpaka lini.

Mwisho nilipanda basi kwenda Evere kwa Charlotte. Nilimkuta anachambua sombe, yale majani ya muhogo.

"Uliona nini siku ile?" nikamuuliza. Sikumuuliza kama ni nzuri.

Alichambua majani kidogo. "Niliona mikono yangu, Ya Béa," akasema, akiniita dada mkubwa. "Ni yangu kabisa, alishika vizuri. Lakini ile sauti ni ya nani?"

Maneno ya Tonton yale yale! Charlotte alikuwa bado hajazaliwa Jumamosi ile ya shuka.

Gracia alipoingia nilimweleza, nimemketisha, na sahani mbele yake. Alikasirika. "Maman Béa, hauelewe. Ni langage ya cinéma. C'est le silence!"

"Silence ya nani, mwanangu?"

"Donc film yangu ni mubaya?"

"Sikusema mubaya. Nasema mama yako hayuko ndani."

Akamgeukia mama yake, akitaka amtetee. Charlotte akafuta mikono. "Gracia, mimi sijakufa. Uniulize mimi." Binti akabeba mfuko wake akaondoka, chakula hakukigusa.

Siku kadhaa nilijilaumu, nikajitetea, nikajilaumu tena. Kisha Jumapili, mimi nikiwa kwa Charlotte, Gracia akarudi na kamera, bila salamu, akaiweka jikoni, akaielekeza kwa mama yake. "Bon. Mama, sema."

Na Charlotte, mwanangu, mwenye mdomo ule, akakosa neno. Alirekebisha kitambaa cha kichwa. Akatazama kamera, akatazama sufuria. Halafu akamtazama mtoto wake aliyekonda kwa wiki moja, akasema: "Umekula?"

Nyuma ya kamera ikasikika sauti ndogo: "Bado."

"Basi zima hicho kitu, ukule."

Gracia hakukizima. Aliziba mdomo kwa mkono, na mama yake akaanza kusema, akasema mpaka sombe likaungua. Walimu wamekwisha kuiona filamu, sauti ya mama yake ikiwa ndani, na binti hatasoma uuguzi. Ile fidla bado iko, nimemwambia siipendi, amenijibu kwamba si kila kitu ni changu. Sawa.

Basi nisikilize, wewe mwenye nyota. Kabla hujasema filamu ni nzuri au mbaya, uliza nani amesema na nani amesemewa. Ukipendwa na mtu anayetengeneza kitu, usimpe vigelegele peke yake: mwambie kweli, lakini mwambie nyumbani, ameketi, na wewe uwe tayari akuchukie kidogo. Na kama ni wewe unayeshika kamera, usimhurumie mama yako kwa mbali. Msogelee umuulize, angali na pumzi ya kukujibu, kwa sababu baba yangu alikufa sijamuuliza, na mimi mpaka leo nayajua meno yake tu.

Mungu akuzidishie miaka na wote unaowapenda, akupe sikio kabla ya jicho, na kila nyumba utakayoingia umkute humo mtu wa kukuuliza kama umekula. Amina.