Nashoni Alivuta Kamba

Mwaka ule dhahabu ilipolipuka kwenye vilima vya upande wa Serengeti, mitaa yetu ya Nkende ilikauka wanaume. Kinyozi aliondoka. Fundi wa mbao aliondoka akaniachia mlango wa uani una bawaba moja. Kila asubuhi pikapu zilipita zimejaa vijana waliokalia sepetu zao, wanaimba. Mimi nilikuwa nasimama kibarazani naangalia sura moja moja, namtafuta Nashoni. Nilikuwa sitaki kumwona humo, lakini bado namtafuta.

Nashoni Kisyeri ni fundi pikipiki. Alikuwa ameshakuja kujitambulisha kwetu ili amwoe binti yangu Beryl. Sisi ni Wajaluo, yeye ni Mkurya, na mengi yetu hayafanani, ila jambo la mkwe tunaelewana: mkwe hazoewi. Tangu siku ile sikumpa mkono tena, wala sikukaa naye meza moja. Akisema "Shikamoo mama" anaangalia viatu vyake, nami namwitikia marahaba nikiangalia bati la jirani. Kwa hiyo ninayoyajua juu yake nimeyaona kwa kuchungulia dirishani, na mengine nimeambiwa na Beryl.

Alizaliwa kijijini, mtoto wa katikati, na watoto wa katikati hakuna anayewauliza kitu. Aliachishwa shule achunge ng'ombe. Alipowazoea, kila mmoja amempa jina, wakaswagwa kwenda kulipa mahari ya kaka yake. Kaka huyo huyo ndiye aliyempeleka machimboni, bado ndevu hazijaota. Kule kazi yake ilikuwa kushuka. Anafungwa kamba kiunoni, walio juu wanazungusha winchi, anazama kwenye duara, shimo ambalo mdomo wake ni mwembamba kama wa kisima. Kwenye duara kuna desturi moja ambayo hata mlevi anaifuata: wa chini akivuta kamba, anapandishwa. Haulizwi sababu. Akipanda ndipo ataeleza.

Siku moja maji yalianza kuingia, Nashoni akavuta. Bosi akawaambia wa juu, "Bado, ajaze gunia kwanza." Akavuta tena. Jiwe lilimwangukia mguuni mkono wake ukiwa bado kwenye kamba. Alipotoka hospitali aliapa hashuki tena, akajifunza ufundi wa pikipiki. Mpaka leo anachechemea.

Sasa kuhusu mchezo. Aliyeuleta ni Okal, mtoto wa dada yangu, karani wa wakala wa forodha pale Sirari. Aliupata alipokuwa chuo Nairobi. Ni mchezo wa kukaa mezani na kusimuliana. Mmoja anaongoza hadithi, na kila mwingine ana mtu wake ndani ya hadithi hiyo. Mwongozaji anasema kilichotokea, wewe unasema mtu wako anafanya nini. Mkikwama, dadu inarushwa. Dadu yenyewe ina pande nyingi, kama jiwe lililochongwa. Walicheza Jumapili baada ya ibada, pale kibarazani kwangu: Okal, Beryl na Nashoni. Mimi nilikuwa jikoni, dirisha wazi.

Mtu wa Nashoni aliitwa Mniko. Mniko alikuwa na ng'ombe wake mwenyewe na kilima chake mwenyewe. Beryl aliniambia, "Mama, anamfikiria Mniko mpaka kazini." Nami nilimwona mwenyewe: kijana asiyeinua sauti akawa anacheka, anagonga meza, anaamuru. "Mniko haendi huko! Mniko anapita huku!" Nilifurahi, halafu nikaogopa, maana mimi furaha ya mtu huwa naisubiri iishe.

Jumapili moja Okal, ambaye ndiye aliyekuwa anaongoza hadithi, alichoka na habari za kuchunga.

"Mniko yuko kilimani," akasema. "Ghafla ardhi inang'aa. Dhahabu, bana! Unafanya nini?"

"Nawapeleka ng'ombe mtoni."

"Nashoni, dhahabu iko chini ya miguu yako!"

"Ikae. Mniko hachimbi."

Beryl akacheka. "Mwache huyo, ameoa ng'ombe."

"Sasa hadithi iko wapi hapo?" Okal akasema. "Tangu tuanze ni majani na maji tu. Tuone kama tamaa haijamshika." Akairusha dadu mwenyewe. "Yawa! Imemshika! Mniko ameuza ng'ombe, amenunua kamba, tayari yuko ndani ya duara."

"Ng'ombe wote?"

"Wote."

"Hata yule mwekundu?"

"Hata huyo. Sasa uko chini, giza, unasikia maji..."

Niliacha kukoroga uji. Nashoni alikuwa amekaa wima.

"Navuta kamba," akasema.

"Ngoja kwanza uone kilichoko..."

"Nimevuta kamba, Okal."

"Basi rusha dadu."

"Kamba ikivutwa mtu anapandishwa."

"Rusha, bana, usiogope!"

Akarusha. Okal akainama kuangalia, akapiga makofi. "Imekula kwako! Walioko juu wamelala. Utabaki huko huko, shemeji!"

Nashoni hakupiga kelele. Alifagia meza kwa mkono, dadu ikarukia uani, kuku wakaikimbilia wakidhani punje. Akainuka. Alipopita dirishani aliniangalia machoni, jambo ambalo mkwe hafanyi, na sidhani kama alijua aliyekuwa anamwangalia ni mimi.

Kesho yake Beryl aliingia na kitu amekifunga kwenye kanga. Ilikuwa tochi ya kichwani ya Nashoni, ile ya machimboni.

"Wenzake wa zamani wamempigia, mama. Wamepata duara huko Serengeti, wanataka mtu mwenye uzoefu. Pikapu inampitia kesho asubuhi. Ameshaichaji tochi."

"Si aliapa?"

"Nimemwambia hivyo. Amesema kama kila mahali ni kushushwa tu, bora ashushwe palipo na dhahabu." Akaanza kulia. "Nimeichukua gereji akiwa amekwenda kununua plagi. Ifiche, mama. Bila hii hataenda."

Niliizamisha ndani ya pipa la mahindi, nikafunika, na juu ya mfuniko nikaweka kinu.

Asubuhi Okal alipita kabla ya kazi kutafuta dadu yake. Nilimkuta amechuchumaa kwa kuku, nikamweleza habari ya bosi na gunia. Alibaki amechuchumaa vile vile.

"Mama mdogo, sikujua. Lakini ule ni mchezo. Bila hatari hakuna mchezo."

"Hatari hakuikataa. Alikataa kuchimba. Si mlipatana kwamba mtu wake anamwendesha mwenyewe?"

"Tulipatana." Akajikuna shingo. "Nikamwambie Mniko amepandishwa?"

"Usimwambie. Muulize."

Niliingia ndani kuchota mahindi ya kusaga, mkono wangu ukagusa tochi. Nikasimama nayo. Kaka alimwamulia. Bosi alimwamulia. Okal alimwamulia kwa dadu. Na mimi sasa ninamwamulia kwa pipa la mahindi. Nilitaka kuirudisha chini, kweli nilitaka. Nikaipangusa kwa kanga, nikamwita Okal tuondoke.

Pikapu ilikuwa imeshafika gereji, inapiga honi. Nashoni alikuwa amepiga magoti anapekua chini ya benchi. Niliweka tochi juu ya benchi, nikampa mgongo.

"Nashoni, tochi yako hiyo. Ilikuwa kwangu. Sikuwa na ruhusa."

Okal akasogea. "Shemeji, Mniko yuko wapi?"

Nashoni akasema, "Chini. Alivuta kamba."

"Basi amepanda."

"Dadu?"

"Kamba haina dadu. Nilikosea."

"Na ng'ombe?"

"Sema wewe."

Alifikiri sana kwa mtu anayepigiwa honi. "Hakuuza hata mmoja," akasema.

Kutoka juu ya pikapu mmoja akapaza sauti, "Wewe mguu mbovu, panda twende! Au mama mkwe amekunyima ruhusa?" Wote wakaangua kicheko.

Kijana wa Kikurya hachekwi mbele ya watu, na mbele ya mkwe ndiyo kabisa. Nikajua kwamba kama alikuwa haendi, sasa ataenda, na tochi nimemletea mimi. Niliangalia ukuta. Nikasikia swichi ya tochi ikibonyezwa, nikasikia hatua zake, mguu mzima na mguu mbovu, zikielekea barabarani.

Zikasimama.

"Ruhusa ninayo," akasema. "Lakini nina kazi ya mtu hapa."

Nilipogeuka alikuwa ameinama kwenye pikipiki ya mwalimu iliyoegeshwa mlangoni, tochi inawaka kichwani, anamulika ndani ya kabureta. Pikapu ilipiga honi tena, ikaondoka. Vumbi lake lilituingia machoni sote.

Jioni Beryl alimkuta ametundika tochi kwenye msumari juu ya benchi. Hakuapa tena. Hatukumwomba aape, ingawa maneno yalinifika kooni mara nyingi. Jumapili walirudi kibarazani. Wezi wameiba ng'ombe mwekundu, na Mniko anawafuata, kwa kuamua mwenyewe. Dadu inamwangusha, anatukana, anarusha tena.

Rashi, hayo mbio ya kukimbilia dhahabu, haijaisha. Pikapu bado zinapita zinaimba. Nikienda sokoni napitia gereji, ingawa ni kuzunguka, na nikifika naangalia msumari kwanza, halafu ndiyo namtafuta yeye. Leo asubuhi tochi ilikuwepo.