Kumi kwa kumi nisiyostahili

Leo mgonjwa amenipa kumi kwa kumi, na nimeona aibu kuliko siku niliyofeli mtihani.

Niko Voi kwa mafunzo ya udaktari wa meno. Mwalimu wetu ameleta mtindo mpya: ukimaliza kutibu, mgonjwa ndiye anayekupa alama, na wewe uko hapo hapo.

Wangu alikuwa mama mmoja wa kutoka Ronge. Nilimdunga sindano ya ganzi. Nilipaswa kungoja, nimguse ufizi, nimuulize kama bado anasikia uchungu.

Sikungoja wala sikumuuliza. Nilitaka mwalimu aone kazi yangu ni ya haraka.

Nilipoanza kung'oa jino, alishika kiti kwa mikono yote miwili. Niliona. Nikaendelea.

Mwalimu akaja. "Mama, huyu unampa ngapi?"

Akainua vidole vyote kumi.

Mwalimu akanipongeza mbele ya wenzangu. Nikasema asante. Hata sijui ilitokaje mdomoni.

Mama alipotoka nikamfuata. "Mama, uliumia?"

Alijibu polepole, pamba bado iko mdomoni. "Sana, mwanangu. Lakini niliogopa nikisema watakufukuza shule."

Nikamwomba msamaha. Kisha nikarudi nikamweleza mwalimu kila kitu.

Hakunigombeza. Alinipa kalamu tu. "Futa hiyo kumi, uandike unayostahili."

Nimeandika mbili.

Nyinyi mnaotibu watu, niambieni: mgonjwa akinyamaza kwa sababu anakuhurumia, mnajuaje?