Bakuli la Joya

Kila mwaka, siku ya kuwakumbuka waliouawa na Wanazi, Bwana Daviko, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Wayahudi wa Saloniki, Ugiriki, humwekea Bibi Oro leso mezani. Leso nyeupe, imepigwa pasi. Maana yake: lia, bibi, wageni wametoka mbali. Na kila mwaka Bibi Oro huipengea kamasi, kisha humrudishia.

Ana miaka tisini na mmoja na ulimi mkali kama siki. Kati ya wenzetu waliorudi kutoka kambi ya Auschwitz, amebaki yeye tu. Lakini maneno ya kusimulia, Daviko ndiye humwandikia kwenye karatasi: treni, baridi, na Joya, dada wa Bibi Oro, "yule malaika". Mimi mpika vitafunio nimeyasikia mara kumi na moja, na sijawahi kumpenda huyo malaika.

Mwaka huu, kabla hatujafungua ukumbi, walizozana jikoni kwangu.

"Leo nasema la bakuli."

"Bibi, tafadhali. Watu watacheka."

"Ndiyo nataka wacheke. Nikifa mimi, Joya abaki malaika? Yule aliyeniibia mchumba?"

"Kuna walimu, kuna wageni. Watatuona hatuna adabu."

"Daviko, nimekubadilisha nepi mimi. Adabu yako naijua."

Ukumbini Bibi Oro akaikalia ile karatasi ya Daviko, akasimulia yake.

"Sisi wa Saloniki kambini hatukujua Kijerumani hata cha kuombea maji. Tulikuwa na Kihispania chetu cha nyumbani, cha mababu waliotoka Hispania, basi. Siku ya tatu askari akafoka, 'Komm her!' Njoo hapa. Sasa kwetu *komer* ni kula. Joya akaniambia, 'Umesikia? Tunaitwa mezani.' Akajipangusa kipara walichomnyoa kama mtu anayetengeneza nywele, akachukua bakuli, akaenda mbio. Alipigwa kofi, meno mawili chini. Akarudi na bakuli tupu, damu kidevuni, akasema, 'Chakula bado, lakini mpakuaji wao ana mkono mzito.'"

Walimu walitazama sakafu, Daviko alitazama viatu vyake. Bibi Oro alishika ukingo wa meza, na kwa mara ya kwanza nilimwona anaogopa. Nikaona uchungu.

Halafu ule mkono mzito ukanirudia kichwani, nikacheka. Nilicheka hadi sambusa za jibini zikamwagika kutoka kwenye sinia. Mwalimu mmoja akafuata, kisha ukumbi mzima.

Bibi Oro alisubiri tutulie.

"Tuliucheka mzaha ule kila jioni, mimi na yeye, mpaka alipokufa, mwezi wetu wa pili kambini. Toka hapo nimeucheka peke yangu, miaka sabini na kitu. Kucheka peke yako kunachosha."

Daviko alikuwa analia waziwazi, pua imejaa. Bibi Oro akamsukumia leso.

"Haya," akatuambia, "huyo ndiye Joya. Sasa mmemjua."